Tero Buru ya Mezani

Amolo alipofariki, jeshi lake lilibaki ndani ya kasha la viatu chini ya kitanda, na kwa majuma kadhaa hakuna aliyethubutu kuligusa. Lilikuwa jeshi la askari wenye urefu wa kidole gumba, wamechongwa kwa raba ya patipati, na mikono yao ni vipande vya nyaya za umeme. Amolo aliwachonga mwenyewe, mmoja mmoja, akiwa kazini kwenye geti alilokuwa analinda huko Lavington. Mwanamume mzima, mwenye mke na watoto na ndevu zilizoanza kuwa na mvi, anarudi nyumbani asubuhi na kitu cha kwanza anachomwonyesha mkewe ni kamanda mpya wa raba. Mke wa namna hiyo hucheka au hulia. Adhis alikuwa akicheka. Tangu mumewe afe hakuwa amecheka tena wala kulia, na ni huko kutolia kulikomtia Jeconia hofu.

Jeconia alikuwa fundi wa viatu pale Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, na raba ya jeshi zima ilitoka kwenye kibanda chake. Yeye na Amolo walifahamiana tangu walipokuja Nairobi wakiwa vijana, wakapanga chumba kimoja kule Lindi, humo humo Kibera, wakaoa mwaka mmoja. Jeconia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvutwa na Amolo kwenye mchezo wa askari wale. Mgeni fulani aliyekuwa akiishi ndani ya lile geti la Lavington alipohama nchi alimwachia Amolo kitabu cha kanuni na tepu ya kupimia. Askari wenyewe alienda nao. Amolo alikaa na kile kitabu mpaka akakijua kuliko alivyojua nyimbo za kanisani, kisha akaja kwa Jeconia kuomba patipati zilizokatika.

Mchezo wenyewe ni vita. Unapanga jeshi lako upande mmoja wa meza, mwenzako analipanga lake upande wa pili, na mnasogezana kwa inchi. Unapima kwa tepu, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayosema nani ameuawa. Uwanja wao ulikuwa katika chumba cha nyuma cha baa moja, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Vilima vilikuwa vipande vya godoro kuukuu, nyasi zilikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi, na matope yalikuwa machicha ya majani ya chai yaliyokaushwa juani. Kila Jumapili baada ya ibada, watu wazima wenye shinikizo la damu walikuwa wakilala kifudifudi na kufumba jicho moja, ili wajue kama askari wa raba anaweza kumwona mwenzake nyuma ya godoro. Na walikuwa wakigombana, wee! Osewe kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa refa, aliwahi kukataa kumnyoa mtu msimu mzima kwa sababu ya nusu inchi.

Kagiri alikuja mara ya kwanza akimtafuta mpangaji aliyemtoroka. Yeye ni mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha Kawangware, mtu wa tumbo na funguo nyingi, na kina mama humwita Baba Ciru. Alichungulia mlangoni, akaona wanaume wamepiga magoti wakipima kilima, akasahau mpangaji. Jumapili iliyofuata alirudi na kiti chake. Baada ya muda mfupi akaagiza jeshi kamili kutoka ng'ambo: mifupa mitupu, askari wa mifupa waliovaa majoho meusi, kila jino likiwa limepakwa rangi. Mkewe alikataa walale ndani ya nyumba ya Mkristo, kwa hiyo walikuwa wakilala kwenye buti la gari. Kagiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyeweza kuachia kitu. Alikuwa akipinga kila kipimo, akirusha dadu kama anayewasomea watu hukumu, na karibu kila mara alikuwa akishinda. Mtu pekee aliyekuwa akimpiga, tena na tena, ni Amolo na raba zake.

Kabla ya kufa, Amolo alikuwa amelala hospitalini, figo zimechoka, na siku moja akamshika Jeconia mkono.

"Nikienda, mnifanyie tero buru," akasema. "Najua bro wangu atakataa. Wewe usikubali."

Jeconia akamwambia aache maneno hayo. Kisha, kwa kuwa Amolo hakuuachia mkono, akaahidi.

Kwa Wajaluo wa zamani, mtu mzima hazikwi kimyakimya. Wanaume wanachukua mikuki na ngao, wanaswaga ng'ombe, na kundi zima linakimbia kwa nyimbo na kelele mpaka mpakani, kule ambako adui wa ukoo alikuwa akitokea. Wanakifukuza kifo. Wanakirudisha kwenye pori lake, wanapigana na hewa, kisha wanarudi nyumbani jioni wakiwa wamechoka, na watu wanaweza kulala tena. Hiyo ndiyo tero buru. Lakini kaka yake Amolo ni mzee wa kanisa, naye alisema hayo ni mambo ya giza. Ng'ombe walibaki zizini. Amolo alizikwa kwa nyimbo za kitabuni, hotuba ndefu na wali, na Jeconia alisimama pembeni ya kaburi na ahadi yake, akanyamaza kwa woga wa kuwaudhi wenye boma. Aliona haya, na alirudi Nairobi na haya ile ile.

Adhis naye alirudi na koti la mumewe. Akalivaa asubuhi, akaenda kuuza omena mahali pake pa kila siku, nje ya ukuta wa ile baa. Ukimsalimia anaitikia. Ukimpa pole anasema asante. Jirani yake alimwambia Jeconia kwamba taa ya Adhis haizimwi, na kwamba yule mama huketi kitandani akiangalia mlango.

Jeconia aliligeuzageuza jambo hilo akishona soli. Ng'ombe hakuwa nao. Mikuki hakuwa nayo. Pori la kukifukuzia kifo, Kibera, ungelitafuta wapi? Kitu alichokuwa nacho ni meza. Na wazo lilipomjia lilimjia lote kwa mara moja, kama linavyomjia mtu aliyecheza mchezo mmoja kupita kiasi: jeshi la Amolo litapigana mara ya mwisho, na kifo kitafukuzwa mpaka kianguke ukingoni mwa meza.

Alimweleza Adhis akiwa amechuchumaa mbele ya sinia la omena. Adhis alimsikiliza mpaka mwisho huku akiondoa vijiwe kati ya samaki.

"Sawa, shemeji," akasema. "Lakini mfanye vizuri."

Ikabaki kumpata wa kuwa kifo. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Jeconia alipanda Kawangware, akamkuta Kagiri nje ya ploti yake akimsimamia fundi wa bomba, akamweleza. Kagiri alivua kofia aliposikia jina la Amolo, kisha akairudisha.

"Kwa hivyo unataka nishindwe."

"Nataka ufukuzwe, Kagiri."

"Hiyo ni kushindwa. Wacha nikuulize, mimi nishawahi kumwachia Amolo game? Hata moja?"

"Hapana."

"Na yeye?"

"Hapana. Kila siku ilikuwa vita."

"Basi. Nikimwachia leo kwa vile amekufa, nitakuwa nimesema hizo zingine zote zilikuwa mchezo ya watoto." Macho yake yalikuwa mekundu, na akamgeukia fundi wa bomba na kumfokea bila sababu. "Nitakuja. Nitaleta mifupa. Lakini nakuja kucheza, sikuji kuigiza. Mkinifukuza, mnifukuze kweli."

Ndani ya moyo Jeconia alijua hiyo ndiyo heshima yenyewe. Shida ni kwamba hakuwa amewahi kumshinda Kagiri, hata siku moja, hata kwa bahati. Aliteremka Kibera akilifikiria hilo njia nzima. Ikiwa mifupa ingeshinda, angekuwa amemwitia yule mjane kifo mara ya pili, tena mbele ya macho yake.

Jumapili ikafika. Osewe alifunga kibanda chake cha kunyolea mapema na kuvaa tai. Meza ilipigwa brashi, godoro likawekwa mahali pake, machicha yakamwagwa upya. Wanywaji wawili watatu kutoka mbele walisimama mlangoni na chupa zao, na Osewe akawaamuru wavue kofia. Adhis aliingia akiwa amevaa lile koti, mikono ikipotea ndani ya mikono ya koti, akapewa kiti karibu na dirisha. Jeconia alifungua kasha la viatu na kupanga raba za Amolo kwenye mstari wao, na mbele yao akamweka kamanda aliyeitwa Jatelo, mwenye ngao ya kifuniko cha soda.

"Cheza," akasema Osewe, kwa sauti anayotumia mtu kanisani.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jeconia aliamua kucheza kama Amolo, na Amolo alikuwa haogopi matope. Alikuwa akiwaingiza askari wake wote kwenye machicha, mahali ambapo kila mtu husogea nusu, na wakati mwenzake anacheka, anatokea ubavuni. Jeconia naye akawaingiza. Dadu zikamsikiliza. Mifupa kumi ikalala, na mlangoni mtu akapiga mluzi kabla hajakumbuka yuko wapi. Jeconia alihisi furaha, furaha kabisa, akamtupia Adhis jicho. Adhis alikuwa akitazama meza bila kupepesa.

Lakini kucheza kama Amolo si kuwa Amolo. Kagiri alishusha pumzi, akapima, akapima tena, akaizungusha mifupa yake nyuma ya godoro taratibu, na Jeconia alipogundua, raba zilikuwa zimekwama kwenye matope pande zote. Kilichofuata kilikuwa kirefu na hakikupendeza. Dadu zikaanguka, raba zikalazwa. Ndiyo kanuni ya meza ile: ukimuua askari unamlaza mwenyewe kwa mkono wako, taratibu, humwangushi kwa kidole. Kagiri aliwalaza mmoja baada ya mwingine, na kila mara uso wake ulizidi kuwa mzito. Jasho lilimtoka. Mtu aliyekuwa akishangilia kila nusu inchi sasa alikuwa akishinda kama anayepigwa.

Mwishoni akabaki Jatelo peke yake, juu ya kilima cha godoro, na mbele yake mkuu wa mifupa mwenye joho na panga. Ilikuwa zamu ya Kagiri. Alihitaji nne au zaidi. Aliiminya dadu kiganjani muda mrefu, kisha akairusha.

Ilibingirika, ikagonga mguu wa kilima, ikasimama. Kabla haijatulia vizuri Kagiri alikuwa ameifunika kwa kiganja na kuiokota.

"Moja," akasema. "Nimekosa. Zamu yenu."

Jeconia alikuwa ameiona. Osewe alikuwa ameiona, akakohoa, akaanza kuitengeneza tai yake. Kagiri wa Kawangware alikuwa amedanganya, na alikuwa amedanganya ili ashindwe. Alitazama chini, masikio yamemwiva. Jeconia alimpenda kwa hilo kuliko alivyowahi kumpenda kwa miaka yote, akanyoosha mkono achukue dadu.

"Ilikuwa tano," akasema Adhis.

Wote wakamgeukia.

"Baba Ciru, hiyo ilikuwa tano."

"Mama Chris," Kagiri akaanza, akimwita kwa jina la mwanawe, "wewe hii maneno ya dadu huwezi..."

"Miaka yote nauza omena hapo nje, na hii dirisha haina kioo. Mnafikiri nilikuwa nasikiliza redio?" Alisimama. "Nne inaua. Tano inaua. Mlaze."

Kagiri alinyoosha mkono kumfikia Jatelo, ukaishia njiani. Akajaribu tena. Yule mtu mkubwa akatikisa kichwa kukataa, kama mtoto anayekataa dawa. Basi Adhis akakunja mkono wa lile koti, akamshika Jatelo kiunoni na kumlaza juu ya godoro, ngao yake pembeni. Alimlaza vizuri kabisa. Hapakuwa na raba hata moja iliyokuwa imesimama.

Jeconia alisikia ahadi yake ikimfia mikononi. "Tumeshindwa, shemeji," akasema. "Nisamehe. Nilidhani nitaweza."

Adhis alimtazama, halafu akamtazama Osewe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ulikuwa na kitu ndani yake. Ilikuwa hasira.

"Nani aliwaambia Amolo atashinda?"

Akaisogelea meza.

"Mimi nilikuwa hospitali. Nilimwona akishindwa, kila siku kidogo, mpaka mwisho. Halafu nikaenda nyumbani, nikaambiwa amelala, nikaambiwa ameshinda, kila mtu ananiambia ameshinda. Ameshinda nini? Mtu amekufa!" Alipiga meza, na mifupa ikarukaruka. "Aliyekufa hafukuzi kifo. Kwani tero buru ni ya maiti? Ni waliobaki wanafukuza. Nyinyi Wajaluo wawili wazima, mmekaa hapa kupima inchi mpaka mkasahau hiyo?"

Na kweli walikuwa wamesahau. Tangu siku lile wazo lilipomjia hakuwa amefikiri jambo lingine ila ushindi, kwa sababu mtu wa meza akiona vita anachoona ni mshindi na mshinde. Aliona aibu, na papo hapo akahisi mzigo ukimtoka mabegani. Kazi ilikuwa haijaanza hata.

Adhis alimchukua yule mkuu wa mifupa, akamweka kiganjani mwa Kagiri na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Kimbia," akasema.

"Nani, mimi?"

"Kwani kifo iko na nani?"

Kagiri alimtazama Osewe, refa, kuona kama kuna kanuni ya kumwokoa. Osewe alikuwa tayari ameshika ufagio. Jeconia alikuwa amenyakua fimbo ya kuchezea pool kutoka ukutani, na wale wanywaji wa mlangoni, ambao mmoja wao alikuwa babu Mjaluo wa Ugenya, waliweka chupa chini bila kuambiwa. Babu yule akafungua kinywa na kutoa ukelele wa vita ambao Jeconia hakuwa ameusikia tangu utotoni. Kagiri akakimbia.

Walitoka kwa nguvu, mbele yeye na tumbo lake na funguo zikilia mfukoni, nyuma yake kundi zima, na katikati ya kundi mwanamke mwenye koti la mwanamume. Waliojua hawakuuliza. Mama mmoja aliona lile koti, akaacha sufuria motoni na kujiunga na wimbo. Wasiojua waliona walichokiona, na kwenye kona ya Lindi kijana mmoja akaokota jiwe na kupaza sauti, "Mwizi! Mwizi huyo!"

Neno hilo likitamkwa mbele ya umati, mtu anaweza kufa kabla hajajieleza. Kagiri naye alilisikia, na mbio zake zikawa mbio za kweli.

"Si mwizi!" Adhis akapiga kelele nyuma yao, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. "Ni kifo! Tunafukuza kifo! Pisheni!"

Kijana aliteremsha jiwe. Watu wakajibana ukutani, wengine wakafanya ishara ya msalaba, wengine wakaokota vijiti na kufuata. Walipita vibanda, wakapita makanisa ambayo vipaza sauti vyake vilikuwa bado vikiimba, wakateremka mtaa wa Silanga kati ya magunia ya makaa. Jeconia alichoma hewa kwa ile fimbo, akachoma tena, akasikia kwamba analia huku akikimbia, na hakujifuta. Alikuwa akilitaja jina la Amolo. Wengine wasiomjua Amolo nao walikuwa wakilitaja.

Chini, mashamba ya sukumawiki yanapoishia, kuna mtaro wa maji meusi, na ng'ambo yake ni magugu ya bwawa. Kagiri aliuruka. Hakuna anayejua aliurukaje. Alitua kwa magoti kwenye tope, akakichimbia kile kifo chake kidogo cha majoho, kile kilichosafiri kwa ndege na kupakwa jino kwa jino, akakisimamisha katikati ya magugu. Kisha akainuka na kugeuka, na hapo umati ulikuwa umesimama upande wa pili na mafagio na fimbo zake, ukimtazama.

Adhis alifika mwisho. Alitembea mpaka ukingoni, akamtazama yule mkuu wa mifupa, akapiga magoti. Kilio kilichomtoka kilianza chini kabisa, kikapanda, na kilipopanda kina mama walikipokea na kwenda nacho. Jeconia alipiga magoti kando yake na kulia pamoja naye kwa sauti, kwa ajili ya rafiki yake, kwa mara ya kwanza bila kumwonea mtu haya. Walilia hivyo muda mrefu. Hakuna aliyewaambia Amolo amelala.

Kagiri alikuwa bado amesimama ng'ambo, tope mpaka kiunoni, kofia imepotea. Alikuwa akilia pia, lakini hakuthubutu kusogea. Kelele zilipopungua aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi.

"Mama Chris," akaita. "Mimi... naruhusiwa kuvuka?"

Adhis alijifuta uso kwa mkono wa koti. Akasimama, akapiga hatua ndani ya maji ya mtaro, akamnyooshea mkono.

"Wewe rudi, Baba Ciru," akasema, akimwelekezea kidevu yule mkuu wa mifupa. "Yeye ndio atabaki."